Daftari Lililofungwa Lifunguliwe Tena

Desemba ni mwezi wa hesabu. Askari huhesabu vifaa ghalani, karani hufunga vitabu vya ofisi, na mama wa nyumbani hupima akiba kabla ya kufika siku ya karo. Hesabu moja mara nyingi husahauliwa, nayo ni ya kazi nzuri iliyoanzwa kwa furaha, kisha ikaachwa njiani. Ndani ya masanduku mengi ya kambini mna daftari la mashairi lisilomalizika au mkeka uliokatizwa katikati. Mwenyewe akiulizwa, hujibu kwamba zamu ni nyingi, uhamisho huja ghafla, na moyo umepoa.

Moyo kupoa si aibu, wala si dalili kwamba kipaji kimekufa. Okot p'Bitek, mzaliwa wa Gulu, alisomea ualimu Mbarara, akafundisha shule, na akaichezea timu ya taifa ya mpira ya Uganda. Mnamo mwaka 1956 alitunga kwa Kiacholi utenzi wa mke amlalamikiaye mumewe aliyedharau mila za kwao, akauita Wer pa Lawino. Wachapishaji waliukataa. Mwaka huo huo alikwenda Uingereza pamoja na timu, akabaki huko kusoma, Bristol, Aberystwyth na hatimaye Oxford. Utenzi ule hakuutupa. Aliurudia akiwa mtu aliyekwisha kuona mengi, akaupanua, na mwaka 1966 ukachapishwa Nairobi kwa Kiingereza, Song of Lawino. Ule wa Kiacholi ukatoka mwaka 1969. Mwenyewe aliaga dunia mwaka 1982, lakini Lawino angali anasomwa.

Basi, kabla ya mwaka kwisha, kila mmoja na afungue sanduku lake, achague kazi moja tu, wala si tatu. Atenge jioni mbili kwa juma, nusu saa kila jioni, na watu wa nyumbani wajulishwe. Baba akiandika, mama awatulize watoto. Zamu ya mama kushona au kusuka ikifika, baba naye ateke maji na kuwaangalia watoto, kwa maana kipaji cha mke hakikuolewa ili kife. Kilichoandikwa kisomwe kwa sauti baada ya chakula, hata kama kina makosa.

Haba na haba hujaza kibaba. Ukurasa mmoja kwa juma ni kurasa 52 Desemba nyingine itakapofika. Tena faida yake si ya kitabu peke yake. Siku ya kustaafu, sare hurudishwa ghalani, na wapo wazee ambao siku hiyo hukaa kibarazani bila kujua la kufanya, huku watoto wao wakiwa hawajapata kuwajua ila kwa sare ile. Aliyelitunza daftari lake atakuwa na kazi ya kumwamsha asubuhi, na wajukuu watakuwa na la kumwuliza.