AJALI HII INA KINGA

Tarehe 25 Disemba, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka hapo Forodhani hali matengenezo yakiendelea. Wafanyakazi wawili walifariki dunia. Wengi, wa karibu na wa mbali, walililia jumba. Sisi tunawakumbuka wale wawili, kwani mawe yataweza kupangwa upya, lakini roho ya mtu hairudishwi kwa saruji wala kwa chokaa.

Kila mfanyakazi anapokufa mahali pa ujenzi husikika kauli ile ile: "Ajali haina kinga." Hatubishani na kudra ya Mwenyezi Mungu. Tunalolikataa ni kumsingizia Mwenyezi Mungu uzembe wa wanaadamu.

Tuitazame kazi yenyewe. Wazee wetu walijenga kwa mawe, chokaa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliokuwa mpaka wa upana wa chumba. Leo tunajenga kwa zege, nayo haina mpaka ule. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kiasi cha kilo 2,400. Dari ya chumba cha mita 4 kwa 5, yenye unene wa sentimita 15, ni mita 3 za ujazo, yaani zaidi ya tani 7. Huo ni uzito wa mifuko 144 ya saruji. Siku ya kumwaga, zege ingali uji. Haijibebi hata kidogo. Mzigo wote, pamoja na vibarua wanaopokezana ndoo juu yake, umekaa juu ya mbao na nguzo za miti. Nguzo moja ikisimamishwa juu ya mchanga mtupu, au ikiungwa vipande viwili kwa misumari, waliopo juu na waliopo chini wote wamo khatarini.

Tena zege haipati nguvu kwa siku moja. Mafundi wa dunia nzima huipima nguvu yake baada ya siku 28. Lakini mwenye nyumba ana haraka, na mkandarasi anazitaka nguzo zake kwa nyumba nyengine. Basi huzing'oa kabla ya wakati, na anayetumwa kuingia chini kuzing'oa ni kibarua. Je, hiyo nayo ni kudra?

Iko pia khatari isiyopiga kelele. Saruji mbichi hula ngozi. Mwenye kusimama ndani yake kwa miguu mitupu tangu asubuhi haoni kitu mpaka jioni, na jioni anakuta vidonda. Jozi ya viatu vya mpira na ya glavu zingelitosha kumkinga, nazo hazizidi thamani ya mifuko michache ya saruji.

Haisemeki kwamba sharia haipo. Zanzibar inayo Sharia ya Usalama na Afya Kazini, Nambari 8 ya mwaka 2005. Shirika la Kazi Duniani nalo lilipitisha mwaka 1988 Mkataba Nambari 167 juu ya kazi za ujenzi. Mkataba huo unataka mbao na nguzo za zege zisimamishwe chini ya macho ya mtu mwenye ujuzi, na vifaa vya kujikinga vitolewe na mwajiri bila ya mfanyakazi kulipa hata senti. Unampa mfanyakazi haki ya kuondoka penye khatari iliyo wazi. Lakini kibarua aliyeajiriwa alfajiri kwa mdomo tu, asiye na karatasi wala chama, ataondoka vipi? Akiondoka leo, kesho nafasi yake ina mtu, na watoto wake hawana chakula.

Kwa hivyo tunadai mambo matatu. Kwanza, dari yoyote isimwagwe zege kabla ya mtu mwenye ujuzi kuzikagua nguzo na kutia saini yake, ili likitokea la kutokea ajulikane wa kuulizwa. Pili, jina la kila kibarua, hata wa siku moja, liandikwe kabla hajashika ndoo, ili akiumia au akifa yeye na jamaa zake wasinyimwe haki yao kwa hoja kuwa hajulikani. Tatu, wakaguzi wa Serikali wafike siku ya kumwaga zege, wasisubiri siku ya mazishi.

Kwenu ndugu zetu wafanyakazi, ulizeni juu ya nguzo kabla ya kupanda, na muulize pamoja, kwani sauti ya mmoja hufukuzwa kazi lakini sauti ya wote husikilizwa. Kwa wenye mamlaka tunasema hivi: nchi hujengwa na mikono ya watu, na mwenye kuipenda nchi huanza kwa kuilinda mikono hiyo.