MIPIRA KUFUNGWA SI BREKI KUSHIKA

Maoni ya mwanachama mmoja wa yadi ya reli

Ndugu wanachama,

Mimi ni mfanya kazi wa reli. Kazi yangu ni kufunga na kufungua mabehewa na kupima breki zake. Huenda mtu akauliza, mtu wa reli ana neno gani na malori? Ninalo. Lori lenye trela ni gari-moshi dogo: kichwa mbele, behewa moja nyuma, na mipira ya upepo katikati. Tofauti ni hii: kwetu gari-moshi haliondoki mpaka breki zimepimwa, kwa malori dereva huambiwa, "Funga, twende."

Nieleze jambo nililoliona kwa macho yangu mwaka 2022. Karibu na yadi yetu iko yadi ya makontena ya kampuni moja. Asubuhi moja dereva wao, ndugu yetu mwenye mke na watoto watatu, alipewa trela asiyoijua, yenye kontena lililojaa. Alifunga mipira miwili, akawasha injini, akaona taa ya breki za trela inawaka wala haizimi. Akaenda kwa karani wa zamu akamwambia. Karani akajibu, "Taa hiyo huwaka siku zote. Meli inangojea." Basi akaondoka. Kwenye mteremko wa kushukia reli alikanyaga breki. Kichwa kikashika, trela ikamsukuma. Alipofaulu kusimama, pua ya lori ilikuwa juu ya reli. Mimi nilikuwa pale na bendera mkononi. Injini yetu ilikuwa ikija polepole na mabehewa matano, nikaisimamisha. Hakuna aliyekufa. Lakini jioni ile ile dereva alipewa barua: uzembe. Akasimamishwa kazi miezi miwili bila mshahara.

Sasa sikilizeni tulichokikuta chini ya trela, mimi na fundi wao. Kwanza, waya unaounganisha kompyuta ya breki ya kichwa na breki za trela ulikuwa umekatika, umefungwa kwa kamba ili usiburute. Pili, vali inayopima uzito wa mzigo ilikuwa imekwama mahali pa "tupu". Kazi ya vali hiyo ni kupunguza breki trela ikiwa tupu na kuziongeza ikijaa. Ilipokwama, trela iliyojaa ilipewa breki za trela tupu. Tatu, springi za breki za magurudumu mawili zilikuwa zimebanwa kwa bolti. Springi hizo ndizo zinazoshika upepo ukiisha. Ukizibana, trela itavutika hata bila upepo, lakini haina tena cha kuishika.

Nawauliza, katika mambo hayo matatu ni lipi la mguu wa dereva?

Watu wengi hudhani kwamba mpira ukiingia mahali pake basi breki zimeelewana. Sivyo. Mpira mwekundu hujaza tangi la trela. Ukikatika, trela hujishika yenyewe. Mpira wa manjano huleta amri ya mguu wa dereva. Lakini amri ni kitu kimoja na kutii ni kitu kingine. Trela ikishika kidogo kuliko kichwa, humsukuma dereva, na penye kona lori hukunjika kama kisu cha mfukoni. Ikishika mno kuliko kichwa, ngoma zake hupata moto kwenye mteremko mrefu mpaka breki hazishiki tena. Dereva aweza kuwa hodari kama nini, hawezi kulisahihisha hilo kwa mguu mmoja.

Tena trela si za namna moja. Ziko za zamani kutoka Ulaya zilizokuwa na mpira mmoja tu, upepo ukipungua ndipo zinashika, kama behewa letu. Kichwa cha mipira miwili hakiwezi kusema nayo bila vali yake maalum. Ziko za siku hizi zenye kompyuta, zinazongoja habari kwa waya. Waya usipofungwa, hupata amri ya upepo peke yake, na taa huwaka kumwonya dereva. Hata pikapu ni hivyo hivyo. Zile za Marekani mara nyingi huwa na chombo ndani ya dashibodi kinachopeleka umeme kwenye breki za trela. Trela yenye breki za sumaku hupokea umeme huo ikashika. Trela ambayo umeme wake huendesha pampu ya mafuta ya breki, vyombo vingine haviielewi mpaka virekebishwe. Na trela ya namna ya Ulaya, inayojishika inaposukuma gari lililo mbele yake, haisikii waya wowote. Soketi zaweza kuingiana vizuri kabisa, na bado hakuna breki.

Sisi wa reli hatukuzaliwa na akili kuliko wengine. Reli ilifundishwa kwa damu. Tarehe 12 Juni 1889, huko Armagh, Ireland, gari-moshi la matembezi lililojaa watoto wa shule ya Jumapili lilishindwa kupanda mlima. Likakatwa vipande viwili. Breki zake zilikuwa za namna ambayo mpira ukifunguliwa, breki za nyuma huachia. Mabehewa ya nyuma yakateremka, yakagonga gari-moshi lililokuwa likifuata. Watu 80 walikufa. Mwaka ule ule Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kulazimisha magari-moshi ya abiria yawe na breki za kujishika zenyewe. Mpira mwekundu wa lori hufuata somo hilo hilo. Basi mtu anayebana springi kwa bolti anaturudisha nyuma ya mwaka 1889.

Na hapa niseme ukweli hata kama hautapendeza. Si mabwana peke yao wanaobana springi hizo. Wakati mwingine ni sisi, dereva na tanboi, tukitaka kufika nyumbani. Tukifanya hivyo tunampa mwajiri barua ya kutufukuza, tena tumeiandika wenyewe.

Kwa hiyo yafaa chama chetu kidai mambo manne.

La kwanza, kila trela iwe na kibao kinachosema ina breki za namna gani, mipira mingapi, waya gani, na uzito gani.

La pili, kila kichwa kinapobadilishiwa trela, breki zipimwe. Dereva akanyage, fundi atazame kila gurudumu na kusikiliza upepo unaovuja. Kisha lori lisimamishwe mara moja ndani ya yadi kabla halijapita lango.

La tatu, fundi atie sahihi yake kwenye karatasi, na dereva apewe nakala. Taa ikiwaka, trela isitoke, hata kama meli inangojea.

La nne, dereva anayekataa trela mbovu asiadhibiwe. Hili si ombi la huruma. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yamwamuru mfanya kazi kuripoti hatari kubwa, na yakataza kumwadhibu aliyeondoka mahali penye hatari hiyo kwa sababu ya haki. Wengi wetu hatujui kwamba neno hilo limeandikwa.

Mabwana watasema kupima kunapoteza saa. Mimi hupima breki kila siku. Kwa trela moja ni kazi ya dakika chache, pungufu ya muda wa karani kunywa chai yake. Na kama tajiri ana dakika za kuandika barua ya uzembe, hawezi kukosa dakika za kutazama magurudumu.

Ndugu yule dereva alirudi kazini. Waya ulitengenezwa, vali ikabadilishwa, bolti zikatolewa. Barua yake bado imo ndani ya faili, na mshahara wa miezi miwili haukurudi. Naomba tawi letu lianze na barua hiyo.

Wenu katika umoja,
Mfunga Mabehewa