Kibaba, Kilo na Thamani

Kila inapokaribia Idi hurejea ubishi ule ule misikitini na barazani, ya kuwa zaka ya fitri ni kilo mbili na nusu au kilo tatu, nao wabishanao, pamoja na kupandishiana sauti, hawajiulizi kwa nini jambo lenyewe limekubali majibu mawili. Fitri hupimwa kwa swaa ya Mtume, ambayo wazee wetu wa pwani waliilinganisha na pishi ya vibaba vinne, nayo ni kipimo cha ujazo. Na kibaba cha mfuto, kikijazwa mchele kisha kikamwagwa na kujazwa tende au unga, hakitoi uzito mmoja. Basi mwenye kuuliza kibaba ni gramu ngapi asitaje kibaba cha nini, ameuliza swali lisilo jawabu, na hao wanaobandika tangazo la kilo mlangoni wamekwisha kutuchagulia nafaka pasi na kutwambia.

Hoja yangu, nayo ndiyo iliyonifanya nilitenge toleo hili lote kwa suala la ulinganifu, ni kuwa vitu viwili havilingani kwa dhati yao, bali hulinganishwa na watu, kwa ajili ya haja iliyopo. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alishika kauli ya Iraki kuwa swaa ni ratili nane, hata alipofika Madina akajadiliana na Imamu Malik, zikaletwa swaa ambazo watu walizirithi kwa baba zao, zikapimwa, zikatoka ratili tano na thuluthi. Naye akaiacha kauli ya mwalimu wake. Hakushindwa kwa ufasaha wa mtu, alishindwa na vyombo vya jikoni, na laiti wabishi wetu wangepitia jikoni kabla ya kupanda mimbari.

Mtaalamu wetu wa hisabati anaeleza kwa upole masharti matatu ya usawa, la tatu likiwa kwamba kitu kikilingana na cha pili, na cha pili kikalingana na cha tatu, basi cha kwanza na cha tatu ni sawa. Sharti hilo halitembei sokoni mwetu: pishi ya mchele ina bei yake, bei hiyo hiyo hununua sukari, walakini sijamwona Mshafii aliyejuzisha fitri ya sukari, maadamu sukari si chakula kikuu cha watu wa mji.

Makala juu ya tafsiri za Shakespeare alizofanya Mwalimu Nyerere ni nzuri, ingawa ndefu. Ile ya kulinganisha vyeti vya shule itawafaa waajiri. Ama ya kuitetea rai ya Wahanafi, kwamba fitri yafaa kutolewa kwa thamani ya fedha, imeandikwa kwa ustadi unaotia wivu, kwa hiyo nimeiweka mwisho kabisa, nyuma ya matangazo.