Sura ya Mtu ni Amana

Suala la uhalali wa picha yenyewe maulamaa wamelijadili kwa kirefu na tofauti zao zinajulikana. Hatukusudii kulifungua upya leo. Tunalotaka kulitazama ni lile lisilozungumzwa sana: anayepigwa picha ana haki gani juu ya sura yake?

Mwaka 1984, katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh, karibu na Peshawar nchini Pakistan, mpiga picha wa Kimarekani Steve McCurry aliingia katika hema lililotumika kama darasa, akampiga picha binti wa Kiafghani mwenye umri wa miaka 12 hivi. Picha hiyo ilitokea kwenye jalada la jarida la National Geographic la Juni 1985, ikaenea dunia nzima. Jina la binti hakuna aliyeliandika. Kwa miaka 17 aliitwa msichana wa Kiafghani tu, hadi alipotafutwa na kupatikana mwaka 2002: Sharbat Gula, mke wa mtu na mama wa watoto. Picha ile iliyojulikana na mamilioni ya watu yeye hakuwa ameiona hata mara moja. Alichokikumbuka ni hasira, kwani hakuwa amewahi kupigwa picha kabla ya siku ile, na aliyempiga alikuwa mwanamume asiyemjua.

Mengi yaliandikwa juu ya macho yale ya kijani. Wako walioona ndani yake hofu, wako walioona uzuri, wako walioona vita. Huenda lililokuwamo ni jambo ambalo mama yeyote wa Kiislamu angelitambua mara moja: msichana anayetazamwa na mgeni, asiweze kukataa. Ni kweli kwamba baadaye jarida lile lilimsaidia yeye na jamaa zake. Lakini msaada unaokuja baada ya miaka 17 hauwezi kuitwa idhini. Umaarufu wenyewe haukumkinga: mwaka 2016 alikamatwa Pakistan kwa kesi ya kitambulisho, akarudishwa Afghanistan, na mwaka 2021 akapokelewa Italia.

Dini yetu ilikwisha kulisema hili kabla kamera haijabuniwa. Katika Surat An-Nur, aya ya 27, waumini wamekatazwa kuingia nyumba zisizo zao bila ya kuomba ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe. Na imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja alichungulia tunduni nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), naye akabainisha kuwa ruhusa imewekwa kwa sababu ya jicho. Basi mguu unaweza kubaki nje na jicho likawa limekwisha kuingia. Sijui tuseme nini juu ya jicho linaloingia, likachukua, kisha likaondoka na lilichokichukua!

Hatusemi wapiga picha waache kazi yao. Picha bora ya mwaka 2025 katika tuzo za World Press Photo ilipigwa na Samar Abu Elouf, mwanamke wa Kipalestina aliyeondoka Gaza Desemba 2023. Inamwonyesha mtoto wa miaka tisa aliyepoteza mikono yote miwili kwa shambulio la Israel. Mpiga picha na familia ya mtoto huyo walikuwa wakiishi katika makazi yale yale mjini Doha. Alikuwa jirani kabla ya kuwa mpiga picha, na jina la mtoto liliandikwa. Huo ni ushahidi, na ushahidi wa dhulma ni jambo kubwa katika Uislamu.

Sasa tutazame kwetu. Kila Ramadhani ifikapo, wajane hupangwa mstari, kila mmoja amekumbatia mfuko wa unga na chupa ya mafuta, mfadhili yuko katikati anatabasamu, na simu kumi zimeelekezwa kwao. Nani aliwauliza? Na hata wakiulizwa, mwenye njaa atasemaje hapana mbele ya mfuko wa unga? Jioni picha imesambaa, na asubuhi mtoto wa mjane anaonyeshwa na wenzake shuleni. Surat Al-Baqara, aya ya 271, imesifu sadaka ya dhahiri, ikaifanya ya siri kuwa bora zaidi inapopewa mafakiri. Wengi wetu tumeishikilia sehemu ya kwanza ya aya.

Hata sheria za dunia zimeanza kuamka. Nchini Kenya, mwaka 2023, Kamishna wa Kulinda Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Madrasa zetu nazo zina watoto, na zina simu.

Kamati za misikiti husema kuwa wafadhili wanataka ushahidi. Madai hayo ni ya haki. Magunia yapigwe picha yakiwa ghalani, risiti zitunzwe, orodha ya waliopokea ikaguliwe na watu wawili waaminifu. Na mfadhili anayesisitiza kuziona nyuso aulizwe, kwa heshima, anazitakia nini.