Nyumba Zetu Zinapumua Wapi?

Jamani, leo siasa naziweka pembeni. Kuna jambo linanikera na silioni likiandikwa popote: hewa ya ndani ya nyumba zetu.

Rafiki yangu anaishi Uingereza na anajenga hapa Unguja. Ramani kachorewa hukohuko, na ndani yake mna mtambo wa kubadilishana hewa. Unatoa hewa iliyotumika, unaingiza safi, na hewa hizo mbili zinapishana kwenye vijia vyembamba bila kuchanganyika, hivyo joto la inayotoka linarithiwa na inayoingia. Nchi za baridi ziliupenda baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, zilipoanza kuziba nyumba kila upenyo.

Mafundi wetu wa Mlandege walipooneshwa ramani walicheka sana. Kweli, kwetu haufai. Huko ndani nyuzi 21, nje huweza kuwa 10 chini ya sifuri: tofauti 31. Hapa ukipoza chumba mpaka 25 na nje ni 32, tofauti ni 7. Unaokoa nini cha maana? Halafu adha yetu kubwa ni unyevu, na mtambo wa kawaida wa namna hiyo unashughulika na joto tu.

Lakini mimi sikucheka. Ile ramani ina mishale: hewa inaingia hapa, inatokea pale, chumba kwa chumba. Nioneshe nyumba yetu mpya moja iliyochorwa hivyo! Sisi tunachora masta bedrumu na gereji, hewa tunakiachia kiyoyozi. Pita Mlandege utazame juu, ukutani vimepangana, vinakudondoshea maji kichwani.

Na hili watu hawapendi kulisikia: kiyoyozi cha ukutani hakiingizi hewa mpya. Kinavuta ileile ya chumbani, kinaipoza, kinairudisha. Mkilala watano mmejifungia, mnavuta pumzi zenu wenyewe mpaka alfajiri. Dirisha la alumini la kusukuma nalo hufunguka nusu tu, nusu ya pili ni kioo cha kupashia chumba moto.

Wazee wa Mji Mkongwe walijenga kuta nene za mawe na chokaa, dari ndefu, na ua wa kati ulio wazi juu ili hewa moto ipande itoke. Sisemi ilikuwa pepo. Urefu wa boriti za mikoko uliwabana, vyumba vikawa vyembamba, vingine giza. Ila walijua kaskazi inatoka wapi na kusi inatoka wapi.

Tumesahau upesi mno. Mwaka 2008 umeme wa kutoka bara ulikatika karibu mwezi mzima. Ukakatika tena Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu, tena kiangazi chenyewe. Waulize waliokuwa kwenye nyumba za kioo walilala wapi. Waya mpya wa baharini ulipokuja mwaka 2013, tukarudi kuziba madirisha kama hakikutokea kitu.

Rafiki yangu nimemwambia: futa mtambo, mishale iache. Weka madirisha pande mbili zinazotazamana, na matofali ya matundu juu karibu na dari, yanafyatuliwa hapahapa. Akaniuliza, na mbu je?

Wavu, bwana.