Msamaria Mwenye Bastola

Jioni ya tarehe 17 Julai 2022, katika jengo la maduka la Greenwood Park, jimbo la Indiana nchini Marekani, mtu mmoja alitoka chooni na bunduki mkononi, akaanza kuwamiminia risasi watu waliokuwa wakila. Sekunde 15 baadaye alikuwa ameshapigwa. Aliyempiga hakuwa askari wala mlinzi, bali kijana wa miaka 22 aliyekuja dukani na mchumba wake. Kwa bastola yake alifyatua risasi kumi, ya kwanza akiwa umbali wa mita 36 hivi, nane zikampata, huku akiwaashiria watu wapite nyuma yake wakimbie. Watatu walikuwa wameshauawa. Jengo lenyewe lilikuwa limepiga marufuku silaha.

Sheria ya Indiana inayoruhusu kubeba bastola bila kibali ilikuwa imeanza kutumika mwanzoni mwa mwezi huohuo, na watetezi wa silaha hawakuchelewa kuunganisha mambo hayo mawili. Tangu Desemba 2012, pale Wayne LaPierre wa chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, alipodai kuwa mbaya mwenye bunduki hazuiwi ila na mwema mwenye bunduki, upande huo ulikuwa ukiusubiri mfano kama wa Greenwood. Wameupata, nami sina sababu ya kuubeza. Anayesema raia hawezi kuzuia mauaji kwa silaha yake anakana jambo lililotokea.

Ila mfano mmoja hautoshi kutungia sheria. FBI ilichambua matukio 160 ya mashambulizi ya risasi kati ya mwaka 2000 na 2013. Matano yalikoma baada ya watu wenye silaha wasio polisi kurushiana risasi na mshambuliaji. Na kati ya hayo matano, manne yalimalizwa na walinzi wa kazi hiyo. Raia wa kawaida mwenye kibali alikuwa mmoja. Watu wasio na silaha yoyote, wakiwamo walimu na wanafunzi, waliwadhibiti washambuliaji katika matukio 21. Hilo halitajwi sana kwenye mikutano ya wauza bunduki.

Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi ni askari anayefika baadaye.

Juni 2021, katika mji wa Arvada, Colorado, mtu alimuua polisi kwa risasi. Mwananchi aliyekuwa katika duka la jirani akatoka mbio na bastola yake, akampiga muuaji, akamwangusha. Kisha akaichukua bunduki ya yule muuaji, na hapo ndipo alipoponzeka. Askari mwingine aliyetokea alimwona mtu aliyevaa kiraia, kashika bunduki ya kivita. Akafyatua. Msamaria akafa, na mwendesha mashtaka akaamua kuwa askari hana hatia. Inauma, lakini siwezi kuupinga uamuzi huo. Askari yule angejuaje?

Yaliyotokea Hoover, Alabama, siyapokei kwa wepesi huo. Usiku wa Novemba 22, 2018, risasi zilisikika ndani ya jengo la maduka, na kijana mweusi wa miaka 21 akachomoa bastola yake. Polisi alimpiga kwa nyuma katika sekunde chache, bila onyo. Wakubwa wake wakatangaza kwamba mshambuliaji ameuawa, kisha wakalazimika kukanusha: mtuhumiwa halisi alikamatwa baadaye jimbo la Georgia. Askari huyu naye hakushtakiwa. “Mtu mwema” hutambuliwa kwa macho, na macho ya Marekani yana historia yake.

Historia hiyo imo hata ndani ya sheria za kubeba silaha hadharani. Hadi mwaka 1967 California ilikuwa ikiruhusu jambo hilo, na wanachama wa Black Panther, chama cha kutetea Wamarekani weusi, wakaitumia ruhusa hiyo kuwafuata polisi mitaani Oakland na bunduki mikononi. Mei 2 mwaka huo wakaingia nazo katika jengo la bunge la jimbo, Sacramento. Kabla mwaka haujaisha, sheria ya Mulford ilikuwa imeshapiga marufuku kubeba hadharani bunduki iliyojazwa risasi, na gavana aliyeitia saini ni Ronald Reagan, huyohuyo ambaye baadaye NRA ilimuunga mkono kuwania urais.

Watetezi husema mhalifu akiona bunduki begani mwa mtu atageuza njia. Dallas, Julai 2016, watu ishirini na kitu walikuwa wamebeba bunduki zao kihalali kwenye maandamano. Muuaji hakugeuza njia; aliua polisi watano. Hao wenye bunduki wakakimbia kama wengine, na polisi wakapoteza muda kuwatenganisha na adui. Picha ya mmoja wao ilisambazwa kuwa ni ya mtuhumiwa, naye hana kosa.

Colorado Springs, Oktoba 2015, ndiyo inayonimaliza. Mama mmoja alipiga simu polisi kusema kuna mtu nje na bunduki. Aliyeipokea akamweleza kuwa sheria inaruhusu kubeba silaha hadharani. Muda mfupi baadaye mama yuleyule alipiga tena: mtu ameuawa. Walikufa watatu. Bunduki barabarani ikishakuwa jambo la kawaida, jirani hana tena cha kuripoti mpaka damu imwagike.

Afrika Mashariki tuna mfano wetu. Septemba 2013, magaidi walipolivamia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, miongoni mwa waliotangulia kuingia walikuwa raia wenye bastola za leseni pamoja na polisi waliovaa kiraia. Mmoja wao, Abdul Haji, leo ni seneta wa Garissa. Waliokoa watu wengi, na heshima yao hawanyang'anywi. Lakini siku hiyohiyo, ndani ya jengo hilohilo, wanajeshi na makomando wa GSU, kikosi cha polisi, walipigana risasi wenyewe kwa wenyewe, na ofisa wa GSU akauawa. Wale walikuwa na sare na makamanda.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mtu aliyechunguzwa, akafunzwa na kuificha silaha yake nina nafasi ya kumvumilia. Kubeba hadharani ni sheria mbaya, na kufuta vibali, kama majimbo 29 yalivyokwisha kufanya kufikia mwaka 2024, ni kubaya zaidi.

Nawe ndugu yangu unayeishi Texas au Indiana, ukiwa umeamua kubeba, angalau kumbuka Arvada. Hatari ikipita, usiiguse bunduki ya aliyeanguka. Weka yako chini, mikono ionekane, na mwambie mwenzako awapigie polisi awaeleze umevaa nini kabla hawajafika.