Stadi za Maisha zisalie mpangaji darasani hadi lini?

Mwaka wa 2008, Serikali ilipoingiza Elimu ya Stadi za Maisha katika shule za msingi na za upili nchini Kenya, ilifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Ilitengea somo hilo kipindi kimoja kila wiki, kisha ikaamua kwamba halitatahiniwa. Uamuzi wa pili uliua wa kwanza.

Muhtasari uliotayarishwa na iliyokuwa Taasisi ya Elimu ya Kenya, ambayo siku hizi ni Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, uligawa stadi hizo katika mafungu matatu: kujijua na kuishi na nafsi yako, kuwajua wengine na kuishi nao, na kufanya uamuzi unaofaa. Ni mambo ambayo mzazi yeyote angependa mwanawe ayamudu: kutambua hasira kabla haijamtawala, kustahimili shinikizo la wenzake, kusuluhisha ugomvi bila ngumi na kupima matokeo ya tendo kabla ya kulitenda.

Hata hivyo, chini ya mfumo wa 8-4-4, shule ilipimwa kwa alama za KCPE na KCSE. Tafiti za vyuo vikuu zilizofanywa katika sehemu mbalimbali za nchi zilirudia jambo moja: mara nyingi kipindi hicho kilitwaliwa na Hisabati au somo jingine lenye mtihani. Stadi za Maisha zikawa kama mpangaji asiye na mkataba, ambaye jina lake limeandikwa mlangoni ilhali chumba kinalaliwa na mwingine.

Katika kaunti za Homa Bay na Migori, kando ya Ziwa Victoria, pengo hilo si suala la ratiba tu. Utafiti wa kitaifa kuhusu Ukimwi wa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba asilimia 19.6 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 64 katika Homa Bay walikuwa wakiishi na virusi, na asilimia 13 katika Migori. Kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 4.9.

Utafiti wa hali ya watu na afya wa mwaka wa 2022 nao ulibainisha kuwa asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 katika kila mojawapo ya kaunti hizo mbili walikuwa wamewahi kushika mimba, ikilinganishwa na asilimia 15 kote nchini. Homa Bay ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 33 mwaka wa 2014. Migori ilikuwa imeshuka kwa takriban asilimia moja pekee.

Nyuma ya takwimu hizo kuna uchumi wenye mitego yake. Katika fuo za ziwa, wachuuzi wanawake wamejikuta katika jaboya, mtindo wa kutoa mwili ili kupata samaki kutoka kwa mvuvi. Katika eneo la Nyatike, machimbo ya dhahabu ya Macalder na viunga vyake huwavuta watoto kutoka madarasani kwa ahadi ya pesa za haraka. Huko Kuria, ukeketaji umeendelea licha ya kuharamishwa na sheria ya mwaka wa 2011, na likizo ya Desemba imekuwa msimu wa hofu kwa wasichana wengi.

Malezi ya kuwaandaa vijana kwa mitego ya dunia hayakuanzia shuleni. Miongoni mwa Waluo, wasichana walilala katika siwindhe, nyumba ya bibi mzee, wakafundishwa kwa hadithi, vitendawili na maonyo. Wavulana waliketi na wazee penye moto wa duol. Taasisi hizo zilififia kadiri watoto walivyohamia mabweni na wazazi walivyotafuta riziki mbali. Shule ikarithi kazi ya bibi, lakini haikurithi subira yake wala muda wake.

Palipoachwa wazi na darasa, wahisani waliingia. Mradi wa DREAMS, uliofadhiliwa na Marekani kuanzia mwaka wa 2015, uliwakusanya wasichana na wanawake wa umri wa miaka 10 hadi 24 katika vikundi na kuwafunza kujilinda na kujiamini. Homa Bay ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizonufaika mapema. Januari 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya kigeni, shughuli za namna hiyo zilitikisika karibu mara moja. Ikadhihirika kwamba malezi ya kizazi kizima yalikuwa yametundikwa kwenye bajeti ya nchi nyingine.

Kulikuwa na kasoro nyingine ambayo haikuzungumzwa sana. Miradi mingi ya aina hii ililenga wasichana. Mvulana atakayekuwa mvuvi, mchimba dhahabu au mwendeshaji bodaboda, ambaye siku moja atashikilia samaki au nauli ambayo msichana anaihitaji, hakuwa na kikundi chake. Darasa ndilo mahali pekee ambapo wote wawili huketi pamoja kwa miaka mingi na chini ya mwalimu anayelipwa na umma.

Hiyo ndiyo sababu mabadiliko ya karibuni yanastahili kuchunguzwa kwa makini. Mtaala wa umilisi na utendaji, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, uliahidi kumlea mtoto mzima wala si kumjaza maarifa ya mtihani. Sekondari Msingi ilipoanza mwaka wa 2023, Stadi za Maisha lilikuwa somo linalojitegemea. Jopo la Rais lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu lilipendekeza mwaka huohuo masomo ya kiwango hicho yapunguzwe kutoka 14 hadi tisa. Stadi za Maisha zikaunganishwa na Somo la Jamii.

Wanaotetea hatua hiyo wana hoja. Wanafunzi na walimu walikuwa wameelemewa, na somo lililomo ndani ya jingine lenye mtihani haliwezi kurukwa kwa urahisi. Somo la Jamii lilikuwa miongoni mwa yaliyotahiniwa katika tathmini ya kwanza ya kitaifa ya Gredi ya 9, mwaka wa 2025.

Tatizo ni kwamba mtihani wa karatasi hupima kumbukumbu. Mwanafunzi anaweza kuorodhesha njia nne za kukabiliana na shinikizo la rika, akapata alama zote, na jioni hiyohiyo akashindwa kutumia hata moja. Hakuna mtoto wa Mbita aliyejifunza kupiga kasia kwa kunakili hatua zake kutoka ubaoni. Stadi hujengwa kwa mazoezi: kuigiza hali halisi, kujadiliana katika makundi, kukosea mbele ya watu wanaoaminika na kujaribu tena.

Mazoezi hayo yanahitaji mwalimu aliyeandaliwa. Wengi wanaofundisha Somo la Jamii walisomea Historia au Jiografia. Kumwongoza mtoto azungumzie hofu, aibu au kifo cha mzazi ni kazi yenye mbinu zake, na mwalimu aliyezoea kiboko, ambacho kilipigwa marufuku mwaka wa 2001, haibadilishi tabia hiyo kwa kupewa kitabu kipya.

Aidha, somo hili lisigeuzwe kuwa njia ya kumtwika mtoto mzigo wa watu wazima. Msichana anayekosa sodo au karo hawezi kuokolewa na ujasiri pekee. Sheria ya mwaka wa 2017 inaitaka Serikali iwape wanafunzi wasichana sodo, na utekelezaji wake ni sehemu ya funzo lenyewe. Vivyo hivyo, Tume ya Huduma ya Walimu ilitoa waraka mwaka wa 2010 kuhusu kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kimapenzi. Mtoto akifundishwa kukataa na kuripoti, kisha asipate wa kumsikiliza, atakuwa amejifunza kwamba kunyamaza ni salama zaidi.

Katiba ya mwaka wa 2010 iliziacha shule za msingi na za upili mikononi mwa serikali kuu. Lawama hizi, basi, haziwezi kusukumiwa magavana wa Homa Bay na Migori. Wizara ya Elimu inapaswa kulinda saa za mazoezi ndani ya Somo la Jamii, kugharimia mafunzo ya walimu walio kazini, na kuhakikisha kwamba tathmini za shuleni zinaangalia tendo la mwanafunzi na si maneno yake tu. Wafadhili wamekwisha kuonyesha kwamba wanaweza kuondoka wakati wowote. Watoto wa ziwani watakuwa darasani kesho asubuhi.